Bastola ya Upepo ya Mzee Shabaha

Tangu mumewe apooze upande wa kulia, Mama Cherehani hakuwahi kulala usingizi ukafika mwisho wake. Usingizi wake siku hizi ulikuwa kama uzi mbovu: ukiuvuta kidogo tu, umekatika. Akijinyoosha, anaitwa. Mto umeteleza. Shuka limejikunja mgongoni. Mbu ameingia. Mlango wa nje umefungwa? Hebu nenda kautazame. Akienda akirudi, anaulizwa kama ametazama na komeo. Mchana mambo yalikuwa yale yale, ila mchana zilikuwepo na cherehani za watu zinazongoja kutengenezwa.

Ili kuipunguzia miguu safari, alikuwa amekihamishia kitanda cha mgonjwa kwenye chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, ambacho ndicho kilikuwa karakana yake. Kwa hiyo mzee alilala katikati ya vichwa vya cherehani, kulia kwake meza yenye jiliwa la kubania vyuma, kushoto kwake ukuta. Na ukuta ndio aliouchagua. Aliugeukia asubuhi, akautazama mpaka jua likazama, na aliuacha pale tu alipotaka kuita.

"Mama!"

"Abee."

"Upo?"

"Niende wapi?"

Zamani hakuwa hivyo. Watu walimwita Shabaha kwa sababu maisha yake yote aliyapitisha nyuma ya kibanda cha kulenga shabaha kwenye maonyesho. Alikuwa na bastola za upepo zimefungwa kwa mnyororo ili zisitembee, makopo yamepangwa juu ya ubao, na zawadi za vioo na sabuni zikining'inia. Mdomo wake ulikuwa haushiki mate. Alijua kumchokoza mwanamume aliyepita na mchumba wake mpaka mwanamume yule arudi kulenga kopo kwa hasira. Sasa mdomo ulikuwa umepinda kidogo, lakini ulimi haukuguswa. Ni hamu ndiyo iliyokufa.

Mama wa mazoezi aliyekuwa akija kutoka hospitali aliukunja mguu wa mzee, akaukunjua, akasema mguu unarudi, umebaki utashi wake mwenyewe. "Anapenda nini?" aliuliza. "Mpe kitu anachokitaka."

"Hataki kitu," alijibu Mama Cherehani. "Ananitaka mimi."

Mama wa mazoezi akacheka, akidhani amesikia maneno ya mapenzi. Mwenzake hakucheka. Alichokuwa akikihitaji hakikuwa kikubwa: mume ashike kitu chochote kisichokuwa mkono wa mkewe, walau kwa muda wa usingizi mmoja. Alikuwa ameanza kujiogopa. Juzi alikwenda kununua sindano dukani, akaisikia sauti ikimwita kutoka dirishani, na miguu yake ikaendelea kwenda mbele kama ya mtu asiye na kwao. Alifika mbali kabla ya kugeuka. Siku nyingine, alijiambia, huenda miguu isigeuke. Au ataanguka pale pale penye jiliwa, wawe wagonjwa wawili na muuguzi hayupo.

Hali ilikuwa hiyo wifi yake alipobisha hodi, kabeba kifurushi cha gunia kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

"Wifi, nimekuletea takataka ya kaka yangu," alisema, akakiweka mezani juu ya kichwa cha cherehani kilichokuwa kimepanguliwa. "Nimesafisha stoo. Mimi si makumbusho."

"Usiweke hapo, kuna vipuri."

"Na wewe nyumba nzima vipuri. Mgonjwa mwenyewe nusu kipuri." Akamwinamia kaka yake. "Kaka, hujambo? Wanakulisha humu?"

"Wananilisha mafuta ya mashine," alisema Shabaha, akiuambia ukuta.

Wifi akafungua gunia. Ndani yake kulikuwa na kikopo kidogo cha bati chenye vijirisasi vya kulengea, na kando yake bastola ya upepo, nyekundu kwa kutu kutoka mdomo wa mtutu mpaka kifyatulio, imevimba na kuchubuka kama mzizi uliong'olewa njiani. Mbao za mpini zilikuwa zimepasuka upande mmoja. Wifi aliishika kwa vidole viwili.

"Zile nyingine zilipata wanunuzi. Hii haikumpata hata mwizi. Itupe, wifi, nilishindwa kuitupa kwa mkono wangu tu."

"Nani alisema itupwe?"

Wote wawili wakageuka. Shabaha alikuwa ameuacha ukuta. Alikuwa amejizungusha mwenyewe kwa ule mkono wa kushoto, shuka limembana shingoni, macho kwenye bastola.

"Hiyo ndiyo niliyoanzia," alisema. "Kabla ya kibanda, hiyo na kopo moja."

"Imekufa, kaka."

"Umeipima mapigo?"

Mama Cherehani alikuwa akimtazama mumewe, hata hakusikia wifi alivyojibu. Aliichukua bastola akaiweka penye mwanga wa dirisha. "Iache hapa," alisema. "Nitaitazama."

Wifi alipoondoka alimbana mlangoni, akamnong'oneza kuwa amejikondesha, ajitunze, kaka yake hataki makuu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama Cherehani alimshukuru, akamfungia mlango taratibu.

Kazi ikaanza kwa mafuta ya taa. Aliilaza bastola kwenye karai, akaimwagia mafuta mpaka ikazama, akaifunika kwa kipande cha bati. Kutu iliyokaa miaka haiondoki kwa matusi. Alijua hilo kutokana na cherehani zilizotoka kwenye nyumba zinazovuja. Ilowekwe, isuguliwe kwa brashi ya waya, ilowekwe tena. Bandu bandu huisha gogo. Mafuta ya karai yakawa rangi ya matofali.

Lakini hesabu yake ilikuwa imemwendea kombo. Alidhani akimpa mzee kitu cha kushughulika nacho, mdomo utatulia. Kumbe alitafuta wa kumpunguzia mzigo, akajitwisha mwingine. Sasa aliitwa kwa ajili ya mto na kwa ajili ya bastola.

"Mama! Umeigeuza?"

"Nimeigeuza."

"Igeuze tena. Upande wa chini ndiko kuna bawaba."

Alimpa msasa na mtutu akiwa kitandani, ili asugue kwa mkono mzima. Alisugua kidogo, msasa ukaanguka. "Mama!" Akauokota. Akasugua, mtutu ukateleza. "Mama!" Akamfungia mtutu kwenye ubao kwa mkanda, akamwekea ubao mapajani. Akasugua, akasema ubao unamchoma. Mwisho Mama Cherehani alichukua kila kitu akarudi nacho mezani.

"Lala tu, baba," alisema. "Nitafanya mwenyewe."

"Umekasirika."

"Sina nguvu ya kukasirika. Hasira ni kazi."

Wazo lake sasa lilikuwa moja: aimalize. Ikishakuwa nzima, ikamkaa mzee mkononi akaweza kulenga, pengine atacheza nayo mwenyewe kama mtoto na kigari, naye alale. Basi akaikazania. Skrubu za mpini zilitoka kwa shida, vichwa vyake vimelika hata bisibisi haikupata pa kushika; akazichongea njia mpya kwa tupa nyembamba. Pini za kifyatulio akazigonga kwa msumari uliokatwa ncha. Kila kilichotoka alikipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wa kutoka kwake, kama anavyopanga vya cherehani, ili kurudi iwe njia ile ile kinyumenyume.

Penye springi ndipo mzee alipopaza sauti.

"Simama! Hapo usifungue kama unavyofungua chupa. Humo ndani kuna springi imebanwa tangu hatujaoana. Ikiruka, itakung'oa meno yote mawili uliyobaki nayo."

"Ninayo mengi kuliko yako."

"Ndiyo maana nayahurumia. Funga taulo. Bana mwili kwenye jiliwa, sukuma kizibo kwa kipande cha mti, legeza polepole. Polepole, mama. Kama unamtoa mtoto mgongoni."

Akasukuma kwa kifua chake, jasho likimtona puani, na ile springi ikatoka ndefu, nyeusi, ikishuka ndani ya taulo kwa mguno. Nyuma yake ikaja pistoni, na kichwani mwa pistoni mabaki ya kifuniko cha ngozi ambayo yalimomonyoka vidoleni kama mkate uliochacha.

"Huo ndio ugonjwa," alisema Shabaha. Alikuwa amekaa. Alikuwa amejiegemeza kwenye mto bila kuegemezwa, na Mama Cherehani aliliona hilo, lakini akili ilikuwa imechoka mno kulishika. "Springi ni nzima. Ngozi ndiyo inayokamata upepo. Ngozi ikifa, upepo unapita kando, kijirisasi hakiendi."

Ngozi aliipata kwenye kipande cha mkoba wake wa zamani. Aliikata duara, akailowesha ikalainika, akaikandamiza juu ya kizibo cha chupa mpaka ikachukua umbo la kikombe kidogo, akaiacha ikauke hivyo. Ilipokauka akaipunguza kingo kwa wembe, akaijaribu ndani ya bomba. Ikaingia kwa kubana, ikatoa sauti ya mtu anayebusu. Shabaha akacheka puani.

"Sasa mafuta," alisema. "Tone. Kwenye ngozi tu, iwe laini. Bomba lenyewe libaki kavu."

"Nimesikia."

"Tone moja, mama."

"Mzee, nimeanza kutia mashine mafuta kabla hujajua kuvaa kandambili."

Na hapo ndipo kosa lilipoingia, kwa mlango wa mazoea. Katika kazi yake kuna msemo ambao kila fundi cherehani anarithishwa pamoja na bisibisi: mashine haifi kwa mafuta, inakufa kwa ukavu. Kila tundu ni mdomo, na kila mdomo una kiu. Mkono ulikuwa umechoka, na mkono uliochoka hufanya unachokijua. Mzee alipogeuka kutafuta kikopo chake cha vijirisasi, ule mkono ulikwisha kukibonyeza kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu, cik cik cik, kwenye ngozi, kwenye springi, ndani ya bomba lote, na kwa kuwa mtutu nao ulikuwa na tundu, ukapata mgao wake. Akafuta yaliyomwagika nje, akafunga kila skrubu, akaipaka grisi bawaba. Bastola iling'aa kijivu, na mashimo ya kutu hapa na pale kama uso uliopona ndui.

Alimwekea mkononi, ule wa kushoto. Akarundika gunia la mabaki ya vitambaa kwenye kona tupu mbali na mlango, akabandika juu yake kifuniko cha bati. Kuikoki, yaani kuibana springi tayari kwa kufyatua, ilibidi amfanyie yeye, akiukunja mtutu kwenye bawaba kwa goti. Akaingiza kijirisasi kimoja kutoka kwenye kile kikopo, cheupe kwa ukuukuu.

"Simama nyuma yangu," alisema Shabaha. Sauti yake ilikuwa ile ya kibandani. "Karibuni, karibuni! Mwenye mchumba na asogee, asiye na mchumba akope!"

Mama Cherehani alisimama nyuma ya kitanda, mikono imeshikilia ubao wa kichwani. Alikuwa akingoja ule mlio anaoukumbuka, mdogo, pwa, kama mtu anayetema mbegu. Baada ya hapo, alijiambia, nitalala.

Uliotoka haukuwa pwa.

Ulikuwa mshindo wa bunduki hasa. Vioo vya dirisha vililia, droo ya sindano ikaruka wazi, moshi wa buluu ukatoka mtutuni na harufu ya mafuta yaliyoungua. Nje kuku walitawanyika wakipiga kelele, na mtoto mahali fulani akaanza kulia. Shabaha alikuwa bado amenyoosha mkono, nyusi zimepanda juu.

Mlango ulifunguliwa kwa teke. Aliingia kinyozi wa jirani, wembe mkononi, na nyuma yake mteja wake, taulo shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

"Mama Cherehani!" alipiga kelele kinyozi. "Umemuua?"

"Bado," alisema Shabaha kutoka ndani ya moshi. "Alikosa."

Kinyozi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaushusha wembe. "Jamani, mnataka kuniua mimi kwa presha. Nimebakiza kidogo tu nimkate huyu sikio."

"Kidogo gani?" alisema mteja, akijipapasa.

"Rudi ukammalize kichwa, kinyozi," alisema Shabaha. "Humu ni mambo ya mke na mume."

Walipotoka, kinyozi akiwatuliza watu barabarani kwamba ni pampu tu imepasuka, Shabaha aliiweka bastola mapajani, akainusa.

"Umetia mafuta kiasi gani?"

"Kiasi."

"Kiasi cha nani?"

Mama Cherehani akakisukuma kikopo cha mafuta nyuma ya kichwa cha cherehani.

"Upepo ukibanwa ghafla unapata moto, mama. Ukikuta mafuta, unayawasha. Hapo hatukufyatua upepo, tumefyatua jiko." Akaukunja mtutu kwa shida, akiubana kwa mapaja. Ndani kulikuwa na kitu kinachogongagonga. "Ngozi imekwenda. Na springi imekatika. Sikia."

Mama Cherehani alisikia. Alikaa kwenye kigoda cha cherehani, mikono nyeusi mapajani, akakitazama kile kitu alichokisugua, akakichongea, akakikatia mkoba wake. Alingoja machozi yaje, nayo yakaona ni mbali. Sasa atageukia ukuta, aliwaza. Atageuka, na nitaitwa, na kesho nitaitwa, na sina kingine cha kumpa.

"Nipe bisibisi," alisema Shabaha.

"Ya nini?"

"Ya kula. Nipe bisibisi. Na lile taulo."

"Mkono huo utaweza nini?"

"Utaweza kuharibu. Imekwisha kuharibika, unaogopa nini? Ilipokuwa inakaribia kupona ndipo niliogopa kuigusa. Leta na lile gazeti, nipange."

Alimletea. Alimwekea sinia mapajani ili vitu visiviringike, akaangalia bisibisi ikiteleza kwenye skrubu, ikiteleza tena, ikashika. Mzee alikuwa ametoa ulimi pembeni, upande ule mzima. Springi sasa haikuwa na hatari, imekatika, haikubanwa na kitu. Mama Cherehani alisema atakaa kidogo tu kwenye benchi la wateja, anyooshe mgongo, akihitajika aitwe. Alikunja mkono ukawa mto.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limehama dirisha. Shavu lake lilikuwa na alama za mbao za benchi. Alibaki amelala, hajui ameamshwa na nini, kwa kuwa hakuna aliyemwita. Kisha akasikia kitu kikikwaruza sakafu.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Alisimama haraka mpaka kizunguzungu kikamshika. Shabaha alikuwa chini, upande wa pili wa kitanda, amekaa juu ya saruji, mguu wa kulia umenyooka mbele yake kama mali ya mtu mwingine, na mkono wa kushoto umezama uvunguni mpaka begani. Sinia lilikuwa kitandani, na juu ya gazeti vipande vimepangwa, si kwa mfuatano mzuri, lakini vimepangwa.

"Umeanguka!"

"Sijaanguka. Nimeshuka."

"Umeshukaje?"

"Kwa makalio, nilishuka kidogo kidogo. Usinisimamie hivyo, unanikinga mwanga. Pini ya kifyatulio imeviringika huku."

"Mzee, ungevunjika! Kwa nini hukuniita?"

Alichomoa mkono uvunguni, umejaa vumbi na utando wa buibui, akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Si ulikuwa umelala," alisema. "Tena unakoroma kama cherehani ya mkopo. Kinyozi alikuja kuuliza hali, nikamfukuza."

Alitaka kumkaripia. Maneno aliyapanga, yakafika mdomoni, yakakuta mdomo umechoka. Alizunguka kitanda, akapiga magoti ili amwinue, akampitishia mikono kwapani, akavuta. Hakuna kilichosogea. Akavuta tena, mgongo ukamkanya. Akaachia, akajikuta naye amekaa kwenye saruji ya baridi, bega kwa bega na mumewe, wote wawili wakitazama matendegu ya kitanda.

"Tumwite kinyozi," alisema.

"Tukimwita sasa ataikanyaga. Kwanza pini."

"Pini itapatikana kesho."

"Ipo pale pale, naiona. Karibu na tendegu." Aliurudisha mkono uvunguni, akijisogeza kwa nyonga, akiguna. "Na ngozi ya mkoba imebaki?"

"Imebaki."

"Springi je?"

"Ya cherehani kubwa pengine itakatwa ikatosha. Sijui. Tutapima."

"Na mafuta nitatia mimi."

"Tia wewe."

Aliegemeza kichwa kwenye ukingo wa godoro, pale penye joto alipokuwa amelala mzee. Barabarani kinyozi alikuwa akisimulia kwa sauti habari za pampu iliyopasuka, na pampu ilikuwa imekwisha kuwa mtungi wa gesi. Karibu na goti lake vidole vya mumewe vilipapasa, vikakwaruza, vikapapasa.

"Usilale," alisema Shabaha. "Nishikie tochi."

"Tafuta wewe," alisema Mama Cherehani, akafumba macho.